Akiba ya Punje ya Mchele

Kila mbegu hubeba akiba ya chakula kwa ajili ya mche utakaozaliwa. Tukilipasua harage lililolowekwa twaona vipande viwili vinene. Humo ndimo ilimo akiba yake. Katika mpunga, ghala ni ile sehemu nyeupe ya punje, iliyojaa wanga. Pembeni mwake kuna kiini kidogo, nacho ndicho mche wenyewe. Na juu ya vyote kuna ngozi nyembamba ya rangi ya udongo. Mama zetu watwangao mpunga waijua, kwani hutoka pamoja na wishwa.

Katika karne ya 19 mashine za kukoboa mpunga zilienea Asia. Mchele wake ulikuwa mweupe, tena haukuharibika upesi, maana mafuta yaliyomo katika ngozi na kiini ndiyo yachachayo. Lakini wengi walioula kila siku pasipo kitoweo cha kutosha walishikwa na beriberi: miguu hufa ganzi, mwili huvimba, hata moyo hushindwa.

Mwaka 1886 Waholanzi walipeleka matabibu katika Java, kisiwa walichokitawala zamani hizo, wauchunguze ugonjwa huo. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alidhani waletwa na vijidudu. Baadaye kuku wake katika Batavia, mji uitwao sasa Jakarta, walianza kuyumba na kuanguka. Kisha ugonjwa ukakoma wenyewe. Alipouliza, akaambiwa kwamba mpishi wa hospitali ya askari alikuwa akiwapa wali mweupe uliosalia, hata alipokuja mpishi mwingine akakataa kuku wa raia wasile wali wa askari. Eijkman akajaribu tena na tena: wali mweupe uliwaangusha kuku, na pumba za mchele ziliwaponya.

Je, ni vivyo hivyo kwa wanadamu? Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, aliyachunguza magereza 101 ya Java, akatoa habari mwaka 1897. Katika magereza 51 yaliyopika mchele mweupe, 36 yalikuwa na beriberi. Katika 37 yaliyopika mchele wenye ngozi, ni 1 tu.

Eijkman alidhani wanga una sumu, na ngozi ni dawa yake. Mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901, ndiye aliyefahamu vema zaidi: sumu haikuwapo, bali kilipungua kitu ambacho mwili hauwezi kuishi pasipo hicho. Mwaka 1926 Jansen na Donath walikitoa katika pumba, papo hapo Batavia. Chaitwa vitamini B1, na kazi yake ni kuusaidia mwili kuugeuza wanga uwe nguvu.

Basi twaona kwamba mbegu haikuweka wanga peke yake. Iliweka pia kile kinachoufanya wanga ufae, nacho kimo zaidi katika kiini na ngozi. Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo tupendao sembe nyeupe na mchele ung'aao, tusisahau kunde na maharage mezani, na dona tusilidharau kwa ajili ya rangi yake.