Kizuizi Kilichokuwapo Tangu Mwanzo

Uzuiaji wa vimeng'enya mara nyingi hufundishwa kama sura ya nyongeza, baada ya mwanafunzi kujua jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi. Historia inakataa mpangilio huo. Mwaka 1903, Paris, Victor Henri alichunguza invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi, akaona mazao yenyewe yanapunguza kasi. Akayaingiza katika mlinganyo wake wa kasi. Mwaka 1913, Berlin, Leonor Michaelis na Maud Menten, daktari kutoka Kanada, walipima kasi ya mwanzo tu, kabla mazao hayajarundikana, kisha wakaongeza glukosi na fruktosi kwa makusudi ili wajue kila moja inazuia kwa kiasi gani. Atakayesema sifa ni za Henri, kwa kuwa mlinganyo ulikuwa wake, ana hoja. Ila Henri hakudhibiti uasidi wa mchanganyiko (mkemia Sørensen alileta pH, kipimo cha uasidi, mwaka 1909, kwa hiyo tusimlaumu sana), na bila hilo namba za majaribio mawili hazilinganishiki.

Tatizo hilo la kulinganisha lilirudi kwenye utafiti wa dawa zinazozuia vimeng'enya. Kiasi cha dawa kinachopunguza kasi kwa nusu hupanda kadiri wingi wa kitu kinachovunjwa unavyoongezeka, iwapo viwili hivyo vinagombea nafasi moja kwenye kimeng'enya. Mwaka 1973 watafiti Cheng na Prusoff walionyesha jinsi ya kukigeuza kiasi hicho kuwa kipimo kisichotegemea wingi huo.