Nani wa Kusema Usikate? Hati na Miti, Kibera na Kawangware

Dai linalorudiwa katika mijadala ya ardhi ni kwamba mtu asiye na hati hapandi mti, na Kibera, mtaa wa Nairobi, ndiyo hutajwa kuwa ushahidi. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, yaani msitu, na leo msitu huo ni mabati. Wanaotoa ushahidi huo hawatupi jicho Kawangware, kilomita chache upande wa kaskazini-magharibi, ambako hati zilianza kutolewa miaka ya 1950 na miti ikaisha vilevile. Kwa maoni yangu, maisha ya mti hutegemea jambo jingine: kama yupo mtu wa pili mwenye haki ya kumwambia mwenye shamba, usikate.

Habari za Kibera zinajulikana, nizipitie haraka. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, walianza kupewa mashamba humo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, na katika miaka ya 1930 Tume ya Carter, iliyochunguza masuala ya ardhi, ikasema Wanubi ni wapangaji wanaokaa kwa hiari tu ya Serikali ya Mfalme. Mpangaji wa namna hiyo anaweza kufukuzwa kabla mwembe wake haujazaa. Hapo watetezi wa hati wana hoja, nami naikubali.

Dagoretti, ambamo Kawangware imo, ilifuata njia nyingine. L.S.B. Leakey, aliyekulia Kabete, jirani kabisa na hapo, aliandika juzuu tatu juu ya Wakikuyu wa kusini kabla ya 1903. Zilichapishwa 1977, baada ya kifo chake, na wanaoandika kuhusu mitaa ya Nairobi ni nadra kuzifungua. Kwa maelezo yake, ardhi ilikuwa githaka, mali ya ukoo mdogo uitwao mbari, na msimamizi wake, muramati, hakuwa na ruhusa ya kuigeuza mali yake binafsi. Walipofyeka msitu ili walime, waliacha mti mmoja mkubwa umesimama peke yake katikati ya mashamba, murema-kiriti, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Sidai kwamba mbari haikukata miti. Ilikata sana, na msitu wa mpakani ulirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ninachosema ni kwamba shoka lilikuwa na wa kulizuia.

Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni, ulitaka kukomesha vipande vilivyotawanyika: robo ekari bondeni, nusu ekari kilimani. Ulitekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, huku wengi wakiwa kizuizini na wengine wamesongamanishwa vijijini. Vipande vikaunganishwa, kila shamba likapata mwenye jina moja. Kwa haki lazima isemwe kwamba mahali pengi hati ilileta miti: miwati, kisha mukima, ikipandwa mstari mmoja mpakani. Lakini mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulisogezwa ukaimeza Dagoretti. Mti wa mbao unasubiriwa miaka mingi, ilhali chumba cha mabati kinalipa kila mwisho wa mwezi. Mwenye hati hakuwa na muramati wa kumwuliza. Akakata, akajenga ploti, akagawia wanawe, nao wakauza. Mpango uliokusudiwa kuondoa vipande ukazaa vipande vidogo zaidi, safari hii vyenye hati.

Watu watasema ni wingi wa watu tu. Maelezo hayo ni ya kivivu. Watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba Machakos, kati ya miaka ya 1930 na 1990, watu waliongezeka zaidi ya mara tano na miti ya mashambani ikaongezeka pamoja nao. Tena, tazama Msitu wa Ngong, unaopakana na Kibera. Ulipotangazwa kuwa hifadhi 1932 ulikuwa na karibu hekta 2,900, na sasa umebaki na zaidi kidogo ya 1,200. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitoka kwa kalamu: serikali ilikuwa mmiliki pekee, ikaumega ipendavyo. Msitu mwingine wa Nairobi, Karura, ulinusurika kwa sababu Wangari Maathai na wenzake, mwaka 1998 na 1999, walisimama langoni wakasema usikate, wakapigwa kwa kusema hivyo.

Juni 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya jamii nzima, ya ekari 288. Ni kidogo mno ukikumbuka zile 4,197, lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza peke yake. Watakaoshauri igawanywe ploti kwa ploti waende kwanza Kawangware, waihesabu miti iliyobaki.