Shinikizo la Mlalo na Shinikizo la Wahisani

Wakilindi walioitawala Usambara kutoka Vuga walidaiwa mvua na shibe. Wasambaa waliamini kwamba mtawala anaweza kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuiharibu, kubana shi. Na njaa ilipobisha hodi, raia waliona wana haki ya kumuuliza Simba Mwene, yaani mfalme, kulikoni. Mwanahistoria Steven Feierman aliieleza siasa hiyo kwa kina katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990. Naiweka hapa kando ya jambo la leo, yaani ususiaji na mashinikizo dhidi ya sheria kali zinazowaandama watu wa mapenzi ya jinsi moja. Sheria hizo naziona ni dhuluma, na nataka ziondoke. Lakini si kila shinikizo linaziondoa.

Tuanze Mlalo, maana ndiko Waingereza walikoanzisha mpango wao wa kuhifadhi udongo mwaka 1946, kabla ya kuusambaza Usambara yote. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilisha nyumba. Juu ya uchovu kulikuwa na hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa, itachukuliwa. Watu wakagoma. Gavana alikuwa Dar es Salaam, hawamfikii. Machifu walikuwa jirani, wakisimamia amri ile kwa niaba ya serikali, na heshima ya chifu ilitegemea kukubaliwa na watu wa milimani. Hapo ndipo walipobana. Chifu anayewatoza faini wanawake kwa sababu ya matuta ataitwaje mponyaji wa nchi? TANU, chama cha kudai uhuru, ilipopanda milimani ilikuta watu wamekwisha kukasirika, ikapata wanachama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango uliachwa.

Huko Mayo, Ireland, mwaka 1880 mambo yalifanana na hayo. Wapangaji na majirani walimtenga Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa shamba la kabaila: hakuna wa kumvunia wala kumuuzia, na ikabidi askari waletwe kulinda mavuno yake. Mlalo na Mayo, waliogoma ndio walioumizwa, na waliyemgomea aliwahitaji.

Sasa twende Kampala. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya ushoga, na Benki ya Dunia ikasimamisha mkopo wa dola milioni 90 uliokuwa wa huduma za afya. Mwenye kusubiri fedha zile alikuwa mama mjamzito kwenye zahanati, ambaye hakupiga kura bungeni. Mwaka huohuo, tarehe 1 Agosti, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa sababu bunge liliipitisha bila akidi. Waliokwenda mahakamani walikuwa Waganda: wanaharakati, profesa wa sheria, mwandishi wa habari, hata mbunge wa chama tawala. Sheria ikarudi mwaka 2023 ikiwa kali zaidi, na adhabu ya kifo ndani yake. Agosti Benki ya Dunia ikazuia mikopo mipya, na Januari 2024 Marekani ikaiondoa Uganda katika mpango wa biashara wa AGOA. Sheria haikutikisika. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha isimame karibu yote, ila ikafuta vipengele vichache, kikiwemo kilichomlazimu kila mtu kutoa taarifa za jirani yake na kilichomtia hatiani mwenye nyumba. Hata huo unafuu mdogo uliletwa na walalamikaji wa nyumbani.

Kwetu Tanzania, Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsi moja. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake, si sera ya serikali. Denmark ikazuia krona milioni 65. Kabla mwezi Novemba haujaisha, Rais Magufuli alisimama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akizisifu fedha za China kwa kutokuwa na masharti. Mjadala ulikwisha kuhama, kutoka kwa raia anayesakwa hadi kwenye heshima ya taifa.

Kususa kunatumiwa pia na upande wa pili. Mwaka 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo Dayosisi yake ya Kaskazini Mashariki ina makao Lushoto, walitoa Tamko la Dodoma wakikataa ndoa za jinsi moja na fedha za wanaoziunga mkono. Sikubaliani na msimamo wao juu ya watu hawa. Lakini kanisa hili lina marafiki Ujerumani tangu wamisionari walipofika Mlalo mwaka 1891, na kukataa fedha za rafiki kuna gharama. Mhisani anayedhani pesa itabadili imani ya watu kama hao hajawasikiliza.

Kuna ususiaji wa nje unaomfikia mwenye sheria. Mwaka 2019 wito wa kususia hoteli za Sultani wa Brunei ulimgusa mmiliki mwenyewe mfukoni. Ndani ya wiki chache alitangaza kuwa adhabu ya kifo kwa mapenzi ya jinsi moja haitatekelezwa, ingawa sheria ilibaki vitabuni. Kuna tofauti kubwa kati ya kususia hoteli ya mtawala na kuzuia dawa za raia wake. Wanaharakati wa Afrika walilisema hilo mapema: Oktoba 2011, Uingereza ilipotishia kukata misaada, mashirika zaidi ya hamsini yalitoa tamko la kupinga, yakieleza kuwa lawama ingewarudia walewale wanaodaiwa kutetewa.

Ila mfano wa Mlalo una mpaka wake, na lazima niseme. Wakulima wale walikuwa wengi na waligoma mchana kweupe. Kijana wa Lushoto anayempenda mwenzake wa jinsi moja hawezi kusimama sokoni akadai haki, maana kusimama kwenyewe ni kujikabidhi kwa polisi. Anahitaji wengine waseme: mwanasheria, mchungaji, mwalimu, jirani. Watu wa nje wasaidie gharama za mawakili na hifadhi kwa wanaofukuzwa majumbani, na wawaulize kwanza walioko chini ya sheria kabla ya kutangaza adhabu yoyote kwa jina lao.

Sisi tuna kazi iliyo wazi zaidi. Waingereza walituachia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu chenye kifungo kisichozidi miaka 14. Mwaka 1998 Bunge letu wenyewe lilikifanya kuwa maisha, na kisipungue miaka 30. Bunge hilohilo linaweza kukifuta, na wabunge wake wanahitaji kura zetu.