Nani anachagua mukaguzi? Kutoka mupira wa Leopold mpaka kakao ya Beni

Wandugu, wenye dipo ya kakao ao ya kahawa huku kwetu Butembo na Beni wanajua swali ile ya munuzi wa Ulaya: "Muko na cheti gani?" Pale patroni anaanza kuhangaika na majina: Fairtrade, Rainforest Alliance, bio, SA8000, SMETA. Wengi wanachukua ile ya bei rahisi, ao ile jirani iko nayo. Mi naona tuanzie kwa historia, ju inchi yetu ilionja ukaguzi wa hali ya watu wa kazi mbele ya inchi nyingi.

Mwaka wa 1904, ripoti ya konsuli Mwingereza Roger Casement juu ya mupira ilileta kelele kubwa, na mufalme Leopold II akalazimishwa kuunda kamisio ya uchunguzi. Muangalie vizuri: mwenye kukaguliwa njo aliyechagua wakaguzi. Aliweka watu watatu wa sheria: Janssens wa Ubelgiji, Nisco wa Italia na Schumacher wa Uswisi. Watu walizania watapaka chokaa tu. Lakini walizunguka kutoka mwezi wa kumi 1904 mpaka mwezi wa pili 1905, wakasikiliza mamia ya mashahidi. Chifu Lontulu wa Bolima alikuja mbele yao na vijiti 110, kila kijiti mutu mumoja wa kwake aliyeuawa ju ya mupira. Akavipanga kimoja kimoja. Ripoti ilitoka 1905 na haikumusafisha mufalme hata kidogo. Miaka tatu kisha, Ubelgiji ukamunyang'anya Kongo.

Ila maneno ya mashahidi wenyewe haikuchapishwa. Ilifungiwa katika arshive za Brussels kwa miaka makumi na makumi. Muhtasari ulitembea dunia nzima, vijiti vya Lontulu vikabaki ndani ya kartoni. Hata leo, koperative nyingi zinalipia ukaguzi kwa feza yao, halafu ripoti inaenda kwa munuzi, na mukulima hajawahi kuona hata ukurasa mumoja.

Wakati ule ule, kampuni Cadbury ya Uingereza ilikuwa inanunua kakao ya São Tomé. Mwaka wa 1901 William Cadbury akasikia kwamba wale wanaolima kule ni watumwa kutoka Angola. Akatuma mutu, Joseph Burtt, mwaka wa 1905. Burtt akarudia 1907 na kusema ni kweli. Kampuni iliacha kununua mwaka gani? 1909. Miaka munane! Gazeti moja la London likaandika kwamba ni unafiki, Cadbury wakalishitaki na wakashinda, lakini korti ikawapa malipo ya farthing moja, robo ya peni. Jopo la raia pale Birmingham lilielewa sheria, lilielewa pia kalenda.

Lever, wa sabuni, alifanya mapatano na Ubelgiji mwaka wa 1911: apewe mashamba ya ngazi, yeye aweke mushahara wa chini, masomo, hospitali. Kwa karatasi ilikuwa nzuri kabisa. Kwa kazi yenyewe, watu waliendelea kukamatwa kwa nguvu miaka mingi.

Vyeti vya leo vilikuja nyuma. Max Havelaar, mama wa Fairtrade, 1988 kule Uholanzi, SA8000, 1997, BSCI, 2003, Sedex, yenye ukaguzi wa SMETA, 2004. Watu wanavichanganya, na kila kimoja kinajibu swali yake. SA8000 na SMETA ni za pahali penye watu wa mushahara: uzini, dipo kubwa, plantasio. Tena SMETA si cheti, ni ripoti wanunuzi wanagawanyiana. BSCI, lazima munuzi mwenyewe mwanamemba akuingize. Fairtrade njo yenye bei ya chini iliyowekwa mbele, na feza ya juu ambayo mukutano mukuu wa koperative unaamua matumizi yake: barabara, masomo, mashine. Rainforest Alliance, iliyoungana na UTZ mwaka wa 2018, haina bei ya chini.

Na cheti hakizimi moto. Kiwanda cha nguo Ali Enterprises kule Karachi kilipata SA8000 wiki chache mbele ya kuungua, mwezi wa kenda 2012. Watu zaidi ya 250 walikufa, madirisha ikiwa na vyuma. Ikiwa mutu anakuambia atakupatia cheti bila kuingia ndani ya dipo, umukumbuke Karachi.

Sasa turudi kwetu. Ugonjwa wa kahawa robusta ulimaliza mashamba ya Beni katika miaka ya 1990, watu wakageukia kakao. Kahawa arabika ilibaki milimani, na koperative kama Kawa Kanzururu chini ya Ruwenzori zikaanza kuosha na kuuza zenyewe. Zamani kidogo, SOPACDI ya Minova ilikuwa imeonyesha njia kwa kupata Fairtrade mwaka wa 2011. Kwa mukulima mudogo mwenye hektari moja, Fairtrade ao bio ya kikundi ina maana, SA8000 haina.

Lakini cheti cha kikundi kinasimama juu ya ukaguzi wa ndani. Wakaguzi wa koperative wenyewe wanatembelea kila shamba. Yule wa inje anaona sehemu tu, mara nyingi kipeuo cha pili cha hesabu: memba 900, anatembelea 30. Na tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya Beni yamefunga njia. Mukaguzi gani wa Ulaya ataingia Eringeti ao Mamove? Atabaki hoteli mjini, wakulima wamufuate kule. Halafu kakao ya wizi, iliyovunwa katika shamba la mwenye kukimbia, inaingia katika gunia moja na ya halali, ao inavuka Uganda usiku. Bei ya dunia ilipopita dola 10.000 kwa tani mwaka wa 2024, kishawishi kiliongezeka.

Kuna pia watoto. Sheria yetu ya kazi ya 2002 na mapatano ya BIT namba 138 na 182, Kongo iliyatia sahihi, inatenga mutoto anayesaidia wazazi kisha masomo na mutoto anayebeba gunia siku nzima. Fomu ya mukaguzi inauliza: "Wazazi wako wapi?" Huku Beni, iko familia ambamo wazazi wote wawili walichinjwa, na mwenye shamba sasa ni kijana wa miaka kumi na ine, mwenye wadogo watatu.  Patroni anayechagua cheti, aulize kwanza hii: yule kijana ataondolewa katika liste, ao feza ya juu italipa masomo yake?