Diklofenaki (matumizi Kibera na Kawangware)

Diklofenaki ni dawa ya kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, ya ukoo mmoja na ibuprofeni na aspirini. Ilibuniwa na kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi na kuanza kuuzwa miaka ya 1970. Vidonge vyake ni vya kuandikiwa na daktari au tabibu. Hata hivyo, katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mtu wa mjengo aliyekamatwa na mgongo au mama fua aliyevimba viganja huvipata kwenye kemisti kwa kusema tu, "Nipe diklo."

Mara nyingi vidonge huuzwa kwa kuhesabiwa: hukatwa kwenye ukanda wake, hutiwa katika bahasha ndogo na kuandikwa "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Karatasi ya maelezo hubaki ndani ya boksi, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kuna kidonge cha miligramu 50, na kuna cha miligramu 100 kinachoachilia dawa polepole, ambacho humezwa mara moja kwa siku. Mtu mzima hapaswi kupita miligramu 150 kwa siku. "1x3" ya kidonge cha 50 inafika kwenye kikomo hicho. "1x3" ya kidonge cha 100 inakipita maradufu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ni miligramu ngapi, na kutaka ziandikwe kwenye bahasha.

Dawa hii huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Kemikali hizohizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Kwa sababu hiyo humezwa pamoja na chakula, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache. Kwa msuli ulioteguka, siku tatu hadi tano kwa kawaida zinatosha. Maumivu yanayodai kidonge kila siku ya kazi yanahitaji kupimwa, si kununuliwa bahasha nyingine.

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Anayemeza diklo asubuhi, Brufen (ibuprofeni) mchana na Mara Moja, ambayo ina aspirini, jioni, amelipiga tumbo mara tatu. Parasetamoli inaweza kutumiwa pamoja na diklo, ila baadhi ya vidonge vya diklofenaki tayari vina parasetamoli ndani.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo au figo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, asitumie diklofenaki. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilionya rasmi kuhusu hatari yake kwa moyo. Mjamzito aiepuke kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameamua, na miezi mitatu ya mwisho asiiguse kabisa. Wanaomeza dawa za presha kama losartani, enalaprili au haidroklorothiazidi wamwambie muuzaji kabla ya kulipa: mchanganyiko huo unaweza kuumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila maji au anayeharisha.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kupungua, uso kuvimba, kifua kubana au pumzi kukatika ni dalili za kuacha dawa papo hapo na kukimbilia hospitali. Kwa mkazi wa Kibera, Hospitali ya Mbagathi iko jirani. Aliye Kawangware, dalili zikimjia usiku, asisubiri kliniki ifunguliwe asubuhi; aende Mbagathi au Hospitali ya Kenyatta usiku huohuo, na abebe bahasha ya dawa mkononi.