Mpangaji na Piano Yake

Mpangaji anapohama, mtaa mzima huijua mali yake. Kitanda, kabati, jiko, ndoo na redio hupakiwa kwenye mkokoteni, na majirani huhesabu bila kuombwa. Ndiyo maana wazee hutuonya: usinunue kitu kizito kabla hujajenga. Leo, ndugu msomaji, nakuletea habari za mpangaji aliyeukaidi ushauri huo maisha yake yote.

Ludwig van Beethoven, mtunzi mashuhuri wa muziki, alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770. Mwaka 1792 alihamia Vienna, Austria, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1827. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na nyumba yake mjini humo. Alihama mara nyingi mno. Mwenye nyumba mmoja tu, Bwana Pasqualati, alimzoea: Beethoven alipoondoka ghorofa ya nne, Pasqualati alikataa kuipangisha kwa mwingine, akisema mtu huyo atarudi. Na kweli alirudi.

Sasa fikiria mzigo wake. Mwaka 1803 alipata piano ya Érard kutoka Paris. Piano kubwa, ile ndefu yenye nyaya zilizolala, si ile ya kusimamishwa ukutani. Mwishoni mwa mwaka 1817, kampuni ya Broadwood ya London ilimpelekea nyingine kama zawadi. Ilisafiri kwa meli hadi bandari ya Trieste, kisha ikavushwa milimani kwa gari la farasi, ikamfikia mwaka 1818. Safari yote hiyo, kwa mtu anayelipa kodi!

La kusikitisha ni kwamba mwaka huohuo wa 1818 alianza kutumia madaftari, watu wamwandikie maneno yao, kwa sababu masikio yalikuwa yamekufa. Baadaye Conrad Graf, fundi wa Vienna, alimletea piano nyingine iliyoongezewa nyaya ili itoe sauti kubwa zaidi. Hiyo ilikuwa ya kuazima. Alipofariki, ilirudi kwa Graf. Hata piano, basi, alikuwa mpangaji wake.

Je, mzee huyu alikosea? Mwalimu Nyerere alituachia usemi: kupanga ni kuchagua. Yeye alizungumzia mipango ya nchi. Leo naomba niuazime kwa ajili ya wapangaji. Beethoven alichagua. Ukuta ulikuwa wa mwingine, kazi ilikuwa yake, na chombo cha kazi hakingoji hati ya kiwanja.

Nyumba aliyofia ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Ile piano ya Broadwood ilipita mikononi mwa mwanamuziki Franz Liszt, na leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Hungary, mjini Budapest. Nyumba imekwenda, mzigo wa mpangaji umebaki.

Basi, jirani yako akihama na cherehani, gitaa au sanduku la vitabu, usimcheke. Msaidie kubeba.