Ugomvi wa miaka 30 juu ya ioni moja

Ukizima umeme kwenye tyubu ya gesi inayong'aa, mambo ndani yake hayaishi papo hapo. Kwa muda mfupi sana, elektroni zilizong'olewa kwenye molekuli huhangaika humo mpaka zikutane na ioni, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni. Zikiungana, nishati inayotoka mara nyingi huipasua molekuli vipande. Mwaka 1950 mwanafizikia David Bates aliandika namna mpasuko huo unavyowezekana. Kilichobaki kilikuwa kuupima.

Njia ilikwisha kupatikana. Mwaka 1949, huko Marekani, Manfred Biondi na Sanborn Brown walitumia kisanduku cha metali kinachoitikia mawimbi ya redio ya masafa fulani, kama ngoma yenye mlio wake. Elektroni zikijaa ndani, mlio hupanda, zikipungua, hushuka. Unawasha gesi, unazima, kisha unafuatilia mlio ukishuka.

Mwaka 1973 Biondi na wenzake wa Pittsburgh waliipima hivyo ioni ya atomi tatu za haidrojeni, ile aliyoigundua J. J. Thomson mwaka 1911. Ndogo hivyo, lakini ndiyo inayoanzisha kemia ya mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota. Kwa tarakimu yao, ukiiweka katikati ya elektroni milioni 1 kwa kila sentimita ya ujazo, huishi kama sekunde 4.

Ndipo Birmingham, Uingereza, wakaja na lao. Nigel Adams, David Smith na Erich Alge walipitisha gesi kwa kasi kwenye bomba lenye urefu wa kama mita moja, wakasogeza kiwaya chembamba ndani yake kuhesabu elektroni hatua kwa hatua. Mwaka 1984 walisema muungano ni wa polepole angalau mara 10 kuliko ilivyodhaniwa. Baadaye wakashuka zaidi: kwa hesabu yao mpya ioni ileile ingeishi siku nzima na ushee. Sekunde 4 au siku nzima! Sijui fani nyingine ambayo ingevumilia pengo la namna hiyo bila watu kununiana.

Wananadharia hawakuwa msaada, kwani hesabu zao za wakati huo ziliegemea upande wa polepole. Takayoshi Amano wa Kanada alipima kwa mwanga wa infraredi mwaka 1988 na kupata kwamba muungano ni wa haraka. Mwaka 1993 Mats Larsson na wenzake wakaingia na pete ya CRYRING ya Stockholm, yenye mzingo wa kama mita 52, ambamo ioni huzunguka na kupoa kabla ya kukutanishwa na elektroni zinazokwenda kwa mwendo uleule. Haraka tena. Nadharia ilianza kuwakaribia mwaka 2001.

Bado ioni za pete zilikuwa zikijizungusha mno kwa joto. Mwaka 2003 Benjamin McCall na wenzake waliziingiza zikiwa baridi tangu mwanzo. Tarakimu yao ilipotumiwa kwenye wingu lililo mbele ya nyota Zeta Persei, ilionekana miale ya kosmiki inaunda ioni humo mara 40 zaidi ya ilivyoaminika.

Na Pittsburgh? Walikuwa karibu na ukweli, ila walizidisha kama mara 3. Miaka mingi baadaye watafiti wa Prague walionyesha kwamba heliamu inayojazwa kwenye vyombo vya aina hii, iliyodhaniwa kuwa mtazamaji tu, nayo huharakisha muungano.